Nasaba za China na Swali la Ufalme Ukambani

Mwanafunzi anayesoma habari za nasaba za China ya kale, yaani Shang, Zhou, Qin na Han, kisha akageukia historia ya Kitui na Makueni, aghalabu huuliza: je, wafalme wa Ukambani walikuwa akina nani? Jibu ni kwamba hawakuwapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halimaanishi kuwa hapakuwa na utawala.

Tuanze na istilahi. Nasaba ni mfululizo wa vizazi vya ukoo, na kila Mkamba anayo. Kinachoifanya nasaba iwe tawala ni kiti kinachorithiwa. Wafalme wa Shang, takriban mwaka 1600 KK hadi 1046 KK, walirithishana kiti ndugu kwa ndugu, au baba kwa mwana. Wazhou walipowapindua, walidai kuwa mbingu humpa mtawala mwadilifu idhini ya kutawala na kumpokonya akipotoka. Hoja hiyo ikawa ngao ya nasaba zilizofuata, hadi ile ya Qing iliyoondoka madarakani mwaka 1912.

Ukambani, mbingu hazikumkabidhi mtu mmoja kiti. Masimulizi yasema Mulungu aliwateremsha watu wa kwanza juu ya jabali la Nzaui, Makueni, lakini hakuna ukoo uliojitangazia ufalme kwa sababu hiyo. Kutoka milima ya Mbooni watu walitawanyika, wengine wakavuka mto Athi hadi Kitui, na kila utui ukajiamulia mambo yake. Mashauri yalikatwa na nzama, baraza la wazee. Sadaka za kuomba mvua zilisimamiwa na wazee wa ithembo. Daraja la uzee halikurithiwa. Mtu alilipanda kwa umri, na kwa kutoa mbuzi au ng'ombe wa kuliwa na waliomtangulia (msomaji asikimbilie kuiita hongo, ilikuwa ada iliyojulikana na wote). Hata hukumu ya kifo kwa mhalifu sugu, iitwayo king'ole, haikutoka kinywani mwa mtu mmoja, bali ilihitaji ridhaa ya jamaa zake mwenyewe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo utawala huu ulipotofautiana kabisa na ule wa Qin.

Wakubwa hawakukosekana. Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu wa Kitui, alimpokea Krapf mwaka 1849, na ni kutoka Kitui ambako mgeni huyo aliuona Mlima Kenya. Kivoi alipouawa na wanyang'anyi mwaka 1851 karibu na mto Tana, hakuacha kiti cha kurithiwa, kwani ukubwa wake ulikuwa wa mali, ushawishi na misafara.

Machifu walikuja na Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1902. Mmoja wao, Mwendwa wa Kitavi wa Kitui, alizaa watoto waliofika mbali: Eliud Ngala Mwendwa alikuwa waziri wa kazi baada ya uhuru, na Kitili Mwendwa akawa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika mwaka 1968. Nyiva, mkewe Kitili, aliingia bungeni mwaka 1974, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili nchini Kenya. Wapo wanaouita ukoo huo nasaba tawala. Hata hivyo, kiti cha bunge kiliombwa upya kwa wapigakura kila uchaguzi.