Usimuulize Mkunga Mwanafunzi Kama Amezaa

Swali lenyewe ni fupi: “Wewe binti, umeshazaa?” Wanafunzi wa ukunga huulizwa kila wanapopelekwa wodi za wazazi hapa Morogoro, iwe na mama aliyeshushwa milimani kwa bodaboda au na mama mkwe wa Mzinga aliyekuja na beseni na kanga mpya. Binti akijibu “bado”, anaambiwa akaite mtu mzima. Mwanafunzi wa kiume hata swali hapewi, anaonyeshwa mlango tu. Sasa naulizwa na mimi mwalimu wao, tena na watu waliosoma: kwa nini vyuo visichukue waliozaa peke yao?

Kwa sababu kuzaa hakumfundishi mtu kuzalisha. Aliyezaa mara tano ameuona uzazi mara tano, zote akiwa amelala chali. Hakuona mlango wa kizazi ulivyofunguka, hakuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto, hakupima damu yake iliyomwagika. Alikuwa na kazi nyingine.

Najua imani hii inatoka wapi. Uluguru ni nchi ya ukoo wa mama, na mambo ya uzazi tangu zamani yalikuwa mikononi mwa bibi waliozaa na kulea. Heshima yao wanastahili. Lakini daktari mwanaume anayempasua mkweo usiku wa manane hujamuuliza amezaa mara ngapi. Umeuliza tu kama amefika.

Tena uzoefu wa mwili wako una hila zake: unakupa kipimo kimoja, ukadhani ni cha wanawake wote. Nina wanafunzi wenye watoto, wengi wao wauguzi waliorudi chuoni. Ni wazuri, ila ndio ninaowashika mkono mara nyingi zaidi. “Mimi hapa nilishasukuma,” ananiambia, na mama aliye mbele yetu njia imefunguka sentimita 7. Mama akihimizwa kusukuma kabla ya sentimita 10, mlango wa kizazi unaweza kuvimba, na nguvu za kumtoa mtoto zinaishia njiani. Binti asiyezaa hana “mimi nilivyozaa” ya kumpotosha. Anasoma patogramu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, ilivyo.

Tuje kwenye damu, maana ndiyo inayoua. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika hospitali zilizoendelea kukadiria damu kwa macho, karibu nusu ya waliotokwa na damu nyingi hawakugunduliwa. Zile zilizotandika chini ya mama plastiki yenye alama za vipimo, na kutoa matibabu yote kwa pamoja mara damu ilipozidi, ziligundua zaidi ya asilimia 90, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60. Macho yaliyokosea si ya wanafunzi. Yalikuwa ya wakunga wenye leseni, na sioni kwa nini nisiamini kwamba wengi wao ni kina mama. Kilichookoa watu ni plastiki yenye namba na mtu aliyefundishwa kuisoma.

Ndivyo tunavyofundisha. Kabla ya kumgusa mama, mwanafunzi anafanya mazoezi kwa mdoli: kupokea kichwa, kuchoma oksitosini yuniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, kumpumulisha mtoto asiyelia kabla dakika hiyo haijaisha. Msidharau mdoli. Hospitali nane za Tanzania zilifundisha watumishi kumpumulisha mtoto kwa njia hiyo kuanzia 2009, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua karibu nusu. Hospitali ya Haydom, huko Manyara, ikaongeza jambo ambalo vyuo vingi bado havijalimeza: kozi ya siku moja haikubadili kazi ya wodini, mpaka yalipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini.

Upimaji nao si wa kubahatisha. Kwenye mtihani wa vituo, ambao wanafunzi wanauita “oski”, dakika ni chache, mkaguzi hacheki, na asiyenawa mikono anapoteza alama kabla hajafungua mdomo. Digrii ya ukunga pale Muhimbili ni miaka minne, kisha mwaka wa utarajali, na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ina mtihani wake. Penye uozo ni kwenye logibuku, daftari la kusainiwa kazi alizofanya mwanafunzi wodini. Nimeona kurasa nzima zimesainiwa siku ya mwisho, kwa kalamu moja, na mtu ambaye hakuwepo leba. Mkitaka kukasirika, kasirikieni hilo.

Na msaada kwa mwanafunzi? Mdogo. Wanafunzi wa vyuo vitatu wanaweza kukizunguka kitanda kimoja. Anayeshuhudia kwa mara ya kwanza mtoto akitoka amekufa anaambiwa akaandike ripoti. Mwalimu akae naye siku hiyohiyo, si wiki ijayo.

Sasa ya kufanya, haraka. Mama: una haki ya kujua anayekuhudumia ni nani na ana cheo gani, na una haki ya kumkataa mwanafunzi bila kununiwa. Swali la kuuliza ni hili: “Nani anakusimamia leo?” Ndugu: mkataeni mtu anayekandamiza tumbo la mama ili mtoto atoke, hata kama amezaa kumi. Mwanafunzi: usipokee mtoto peke yako ili ujaze logibuku. Viongozi wa wodi: mpeni mwanafunzi mmoja mama mmoja, tangu anapopokelewa hadi ananyonyesha, atajifunza zaidi kuliko kurukaruka vitanda sita. Wanaume mnaotaka kusoma ukunga: ombeni, leseni haina jinsia.

Na ukimkuta mwanafunzi ameachwa peke yake na mama anayesukuma, usimfukuze. Mwite msimamizi wa zamu, umuulize yeye alikuwa wapi.