Maneno ya Sifa Yaliyogeuka Maana

Kila nisahihishapo insha za Kiingereza hukutana na neno moja tu la kusifia: "nice". Chakula ni "nice", safari ni "nice", hata mvua iliyomlowesha mwandishi nayo ni "nice". Silikatazi neno hili. Lakini napenda wanafunzi, pamoja na wazazi wanaowasaidia nyumbani, wajue limetoka wapi, maana ajuaye asili ya neno hulitumia kwa uangalifu.

Warumi walikuwa na neno "nescius", maana yake asiyejua. Wafaransa walilirithi, wakalifupisha, likawa na maana ya mpumbavu. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na katika karne zilizofuata maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza, "nice" likiwa mojawapo. Karibu na mwaka 1300, kumwita mtu "nice" kulikuwa ni kumtukana. Baadaye likawa neno la kumtaja mtu mwenye kuchaguachagua mno, kisha la jambo litakalo uangalifu mkubwa. Katika karne ya 18 ndipo lilipozoeleka kwa maana ya kupendeza. Basi tusi likageuka kuwa sifa njema.

Neno "silly" lilishika njia ya kinyume. Waingereza wa kale walimwita hivyo mtu mwenye heri, na Wajerumani hata leo wanalo neno "selig", ambalo ni ndugu yake, kwa maana hiyo hiyo. Mwenye heri akaonekana kuwa hana hatia. Asiye na hatia akaonekana mnyonge wa kuhurumiwa. Na mnyonge, kama ilivyo desturi mbaya ya wanadamu, akahesabiwa mjinga. Kila hatua ilikuwa fupi, lakini tazameni neno lilivyofika mbali.

Tena "sad", ambalo leo ni mwenye huzuni, zamani lilikuwa aliyeshiba. Aliyeshiba huwa mzito. Uzito ukawa utulivu na makini. Na makini mwishowe ikawa huzuni.

La nne ni "naughty". Limetokana na "naught", yaani si kitu. Kwanza lilimtaja asiye na kitu, kisha mtu mwovu, na leo twalitumia kwa mtoto mtundu. Hapo ndipo penye hatari. Katika "The Merchant of Venice", mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri kwa jina la "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969, Portia anauita ulimwengu "naughty". Mwanafunzi akidhani kuwa anataja utundu wa watoto, atacheka mahali pasipo kicheko, na katika mtihani atapoteza alama. Portia anasema juu ya ulimwengu mwovu.

Mambo haya si ya Waingereza peke yao. Neno letu "rahisi" tulilipata kwa Waarabu, na kwao ni kitu cha bei ndogo. Nasi twalitumia hivyo sokoni, lakini darasani twasema "hesabu rahisi", yaani isiyo ngumu. Kisichotoza fedha nyingi kimefananishwa na kisichotoza nguvu nyingi. Hakuna mtu aliyetoa amri. Watumiaji wenyewe, siku baada ya siku, ndio walioipanua maana.

Kwa hiyo nawapa wanafunzi mashauri matatu. Kwanza, ukisoma kitabu cha zamani, tazama kiliandikwa mwaka gani kabla hujaamua maana ya neno. Pili, ukipata nafasi, fungua kamusi kubwa ya Oxford, ambayo ilitolewa sehemu kwa sehemu tangu 1884 hata ikakamilika 1928. Humo maana za neno hupangwa kwa kufuata tarehe, za kale zikitangulia. Tatu, katika insha yako, kabla ya kuandika "nice", jiulize ni uzuri gani unaoutaka. Je, chakula kilikuwa kitamu, cha moto, au kingi? Andika hilo.

Wahenga walisema, usione ukadhani. Walisema kweli kwa watu, na ni kweli pia kwa maneno.