Uongo Njoo

Wadogo zangu, bibi yangu kule Kinole, mlimani, hakuwa akianza hadithi mpaka sisi wenyewe tuiite. Anasema, "Hadithi, hadithi!" Nasi tunaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Hebu sikilizeni hayo maneno. Uongo tunauita wenyewe, tena kwa sauti. Halafu sungura akinaswa mtegoni, mdogo wangu analia kweli, na bibi hamcheki.

Kiitikio hicho kilinirudia miaka mingi baadaye mbele ya tivii ya kichogo, kwenye kibanda cha gemu cha mjomba wangu, Morogoro mjini.

Pale watu walicheza mpira tu. Ukifungwa, unampisha mwenzako. Mimi nilifika alfajiri, wingu likiwa bado limeufunika Uluguru, nikafagia, na ujira wangu ulikuwa kucheza mpaka wateja waje. Kwenye boksi la CD nikaokota moja isiyotakiwa na mtu: Final Fantasy X, gemu la Wajapani la Pleistesheni 2, lililotoka 2001. (Mpira umo, ila unachezwa ndani ya maji. Vijana walijaribu mara moja wakasusa.)

Gemu la namna hii halina kufungana kwa dakika kumi. Unavaa uhusika wa mtu, unatembea naye, unaongea na wenyeji, unapigana, na watu wako wanapata nguvu kidogo kidogo. Ni saa arobaini na zaidi. Mimi lilinichukua miezi mitatu, kamusi ya Kiingereza mapajani, kila siku nikisevu kwenye memori kadi ambayo mjomba aliificha ndani ya kopo la majani ya chai.

Mwanzoni unaulizwa jina la kijana. Lake ni Tidus, lakini ruksa kulibadili. Nikaandika jina la utani alilokuwa akiniita bibi. Sasa, wahusika mle wanaongea kwa sauti, na waliolitengeneza gemu hawakuweza kujua mimi nitaandika nini. Kwa hiyo safari nzima hakuna anayemwita kijana kwa jina. Niliona ni uvivu wao tu.

Binti aitwaye Yuna anakwenda kuliangamiza dude liitwalo Sin, linalobomoa vijiji. Wenzake wote wanajua kwamba akilishinda atakufa. Tidus peke yake hajui. Anampangia mambo watakayofanya wakirudi, nao wanamwacha aongee. Akishajua, anakataa, na pamoja wanapata njia nyingine. Binti anapona. Kumbe Tidus mwenyewe ni ndoto: kuna roho zilizokuwa zikiota miaka elfu moja, na Sin likiisha, nazo zinapumzika, naye anatoweka.

Hapo pedi haisaidii tena. Nilibonyeza, wapi! Yuna anatikisa kichwa, anamkimbilia mikono wazi, anampita katikati kama mtu anayekumbatia ukungu, na kuanguka kifudifudi. Anainuka bila kugeuka. Kwa Kiingereza anamwambia anampenda. Kwa Kijapani, nilikuja kujua baadaye, anasema asante tu. Kwangu mimi hiyo asante inauma zaidi. Na hata hapo, jina hakuliita.

Bibi alikuwa ametutoka mwaka uleule. Lile jina nyumbani hakukuwa na mwingine wa kuliita.

Nililia mpaka kamasi. Vijana wa mpira walikuwa wameshajaa mlangoni, mmoja akacheka, mwingine akanyoosha mkono abadilishe CD. Mjomba akaushika ule mkono.

"Subirini," akasema. "Humu kuna msiba."

Mjomba ambaye miezi yote mitatu alijifanya anahesabu chenji nyuma yangu, akavuta kreti la soda, akakaa. Majina ya waliotengeneza gemu yalikuwa yanapanda kwenye kioo. Akayatazama kwa muda.

"Sasa yule binti," akaniuliza, "amebaki na nani?"