Kazi Iko Kwenye Laptopu, Lakini Wewe Uko Wapi?

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu mmoja wa mwaka wa 3 alinisimamisha nje ya maktaba. Anatengeneza nembo na mabango kwa wateja wa nje, na mwezi uliopita aliingiza dola 400. Kwa mwanafunzi anayesubiri bumu, hiyo si hela ya mchezo. Akaniambia, "Kaka, nikimaliza UE nasepa zangu. Kazi yangu iko kwenye laptopu, sasa nikae hapa nafanya nini? Wewe si ulienda Kigali? Niambie."

Alikuwa anawahi kipindi, kwa hiyo nilimjibu kwa kifupi: nenda, lakini usiende kama nilivyoenda mimi. Jibu refu ni hili hapa, na nimeliandika kwa sababu najua hayuko peke yake. Hapa chuoni wapo wengi wanaotafsiri, wanaohariri video, wanaoandika programu na wanaofundisha Kiswahili kwa njia ya mtandao. Wengi wao wana ndoto hiyohiyo.

Mimi ni mfasiri. Baada ya shahada ya kwanza nilipanda basi kutoka Dar, nikapita Dodoma, Singida na Kahama hadi mpaka wa Rusumo, nikaenda kuishi na rafiki yangu Kigali. Nilipanga kukaa miaka miwili. Nilikaa miezi 5 na nusu. Sikufukuzwa na mtu. Nilirudi kwa sababu kuna mambo sikuyapanga kabla ya kuondoka, na kila moja lilikuja kudai haki yake kwa wakati wake.

Mlango uko wazi, ila una vyumba vingi

Tuanze na jambo ambalo wengi tunalikosea. Tunasikia "Soko la Pamoja la Afrika Mashariki" tunadhani maana yake ni kwamba Mtanzania anaweza kwenda Rwanda au Kenya akafanya lolote. Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa Novemba 2009 na ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ni kweli inatoa uhuru mkubwa, lakini imeugawa uhuru huo. Ibara ya 7 inahusu watu kusafiri na kutembeleana. Ibara ya 10 inahusu wafanyakazi, yaani watu walioajiriwa. Ibara ya 13 inahusu haki ya kujiimarisha kiuchumi katika nchi nyingine, na humo ndimo anamoingia mtu aliyejiajiri. Ibara ya 14 inahusu haki ya kuishi huko kama umeingia kwa njia hizo mbili.

Pale Rusumo, Tanzania na Rwanda wana kituo cha pamoja: unavuka daraja la mto Kagera, kisha unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia upande mmoja. Afisa aliniuliza kwa Kiswahili safi, "Unakuja kufanya nini?" Nikajibu, "Kutembea, afande." Akagonga muhuri wa miezi 6, bure. Nikatoka pale kifua mbele.

Nilichokuwa nimefanya ni kuingia kwa mlango wa ibara ya 7 huku nikipanga kuishi maisha ya ibara ya 13. Muhuri ule ni wa mgeni. Haukuwa kibali cha kuishi wala cha kufanya kazi. Kwa miezi mitatu ya kwanza sikuona tofauti. Mwezi wa nne nilitaka kupanga chumba changu na kufungua akaunti ya benki. Kila nilipokwenda nikaulizwa swali moja: "Kibali chako cha ukaazi kiko wapi?" Sikuwa nacho, na kukitafuta nikiwa tayari nimekaa miezi minne ilikuwa kazi ngumu kuliko kama ningekiulizia tangu mwanzo.

Kwa hiyo, kabla ya safari, uliza ubalozi au idara ya uhamiaji ya nchi unayokwenda swali hili, kwa maneno hayahaya: "Nimejiajiri, wateja wangu wako nje ya nchi yenu, nataka kuishi kwenu zaidi ya miezi 6. Niombe kibali gani, na nikiombe wapi?" Pata jibu la maandishi. Na kumbuka kwamba Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaruhusiwa kusafiri kati yao kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014. Sisi tunahitaji hati ya kusafiria. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na usisubiri wiki ya safari kuiomba.

Hela inapita wapi?

Hapa ndipo nilipoumia zaidi. Kampuni za kupokea malipo kwa mtandao zinafungua akaunti kwa kufuata nchi unayoishi. Nchi hiyo ndiyo inayoamua nyaraka unazotakiwa kuonyesha, benki unayoweza kuunganisha na sarafu unayoweza kutoa. Nyingine hazikuruhusu kubadilisha nchi kabisa. Inabidi ufunge akaunti ya zamani na kufungua mpya.

Mimi sikumwambia mtu. Niliingia kwenye akaunti yangu ya Dar nikiwa Kigali kama kawaida, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ya nne ikafungwa. Ujumbe ukasema wanahitaji uthibitisho wa anwani ninapoishi: bili ya umeme au ya maji yenye jina langu. Chumba kilikuwa kwa jina la rafiki yangu. Umeme wa luku ya kule ulikuwa kwa jina la mwenye nyumba. Ndani ya akaunti kulikuwa na dola 612, malipo ya kazi niliyokesha nayo siku tisa.

Zilikaa humo wiki tano. Rafiki yangu ndiye aliyelipa kodi ya chumba na kununua chakula. Hakunisema hata siku moja. Lakini nilianza kuamka mapema nioshe vyombo kabla hajaamka, nikijaribu kulipa kwa mikono nilichoshindwa kulipa kwa hela. Mama akipiga simu namwambia mambo safi. Mwishowe taarifa ya benki ya Dar yenye anwani ya nyumbani ndiyo iliyonisaidia.

Funzo: kabla ya kuondoka, soma masharti ya akaunti yako kuhusu kuhama nchi. Waandikie wao kwanza kabla hawajakushtukia. Toa salio lote. Acha akaunti ya benki ya nyumbani ikiwa hai, na namba yako ya simu ya Tanzania ikiwa hai pia, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha miamala utakuja huko. Na weka akiba ya angalau miezi 3 ya kuishi bila malipo hata moja. Kama hiyo akiba hauna, wakati wa kuhama bado.

Kodi: siku 183

Wengi wetu tunadhani kodi ni habari ya watu wenye maduka Kariakoo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania inamhesabu mtu kuwa mkaazi kama yupo nchini siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato. Pia unahesabiwa mkaazi kama una makazi ya kudumu hapa na umekuwepo sehemu yoyote ya mwaka huo. Mkaazi anatakiwa kutozwa kodi kwa mapato yake yote, yawe ya hapa au ya nje. Rwanda nao wanatumia kipimo cha siku 183 ndani ya miezi 12.

Ukiangalia vizuri utaona tatizo. Unaweza kuondoka Julai, ukawa bado mkaazi wa Tanzania kwa mwaka huo, na kabla mwaka wa pili haujaenda mbali ukawa mkaazi wa kule pia. Nchi za Jumuiya zilisaini mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili Novemba 2010, lakini kwa miaka mingi umekwama kwa kukosa kuridhiwa na nchi zote. Usihesabu kwamba utakuokoa.

Unachoweza kufanya ni rahisi. Andika tarehe ya kutoka na ya kuingia kila unapovuka mpaka. Tunza ankara za kila mteja. Ukilipa kodi upande mmoja, tunza risiti, maana ndiyo utakayoonyesha upande wa pili. Na mara ya kwanza, kaa na mhasibu kwa saa moja. Pale chuoni kuna wanafunzi wa uhasibu wa mwaka wa mwisho watakaokuelewesha kwa bei ya chipsi mayai.

Bima na deni la Bodi

Ile kadi ya bima tunayolipia shilingi 50,400 ina mwisho wake, na haikufuati nje ya mipaka. Aliyeajiriwa hufikiriwa na mwajiri. Frilansa hana mtu. Nilishikwa na malaria Kigali mwezi wa tatu, nikatibiwa, nikapona, lakini kila kipimo nililipa taslimu. Ingekuwa ni ajali ya bodaboda sijui ningelipaje.

Halafu kuna deni la Bodi ya Mikopo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hata kabla hajauona. Aliyejiajiri hakatwi na mtu, kwa hiyo ni rahisi kusahau. Deni halisahau. Kuhama nchi hakulifuti. Liweke kwenye bajeti yako ya mwezi pamoja na kodi ya chumba na bando, hata kama unaanza kidogo.

Saa na wateja

Kigali iko nyuma ya Dar kwa saa moja. Nilikuwa na mteja tuliyezoeana naye, tunaongea kila Jumanne saa 9 alasiri kwa saa za Dar. Jumanne ya kwanza nikakaa kwenye kiti saa 9 ya Kigali, nimechana nywele, nimewasha kamera. Yeye alishanisubiri saa nzima akaondoka. Alinisamehe, ila tangu siku ile aliniuliza kila mara, "Uko wapi sasa?"

Mwambie mteja mapema. Wengine wanajali sana ulipo, kwa sababu mkataba wao unataja nchi, au taarifa zao haziruhusiwi kufunguliwa nchi fulani. Ni bora akatae kabla hujahama kuliko kukugundua ukiwa umeshahama.

Na Ulaya?

Najua swali hili linakuja. Ureno ilianzisha visa ya wafanyakazi wa mtandaoni Oktoba 2022. Sharti lake kubwa ni kipato cha mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa kule. Kwa mwaka 2025 hiyo ilikuwa euro 3,480 kwa mwezi. Ukiwa na dola 400, bado safari ni ndefu.

Estonia ina kitu kinaitwa ukaazi wa kidijitali, kilichoanza 2014. Jina linadanganya: unakuwezesha kufungua na kuendesha kampuni ya kule kwa mtandao, lakini haukupi haki ya kuishi wala hata kuingia Estonia. Washkaji wamelipia wakidhani ni visa.

Ujerumani ina kibali cha ukaazi kwa waliojiajiri, na inatofautisha taaluma huru na biashara. Mfasiri, mkalimani na mwandishi wa habari wametajwa kwa majina kwenye sheria yao ya kodi kama watu wa taaluma huru. Lakini utatakiwa kuonyesha wateja, kipato na bima ya afya. Kokote uendako Ulaya watakuuliza karatasi ambazo zinaanza kutengenezwa leo: mikataba, ankara, taarifa za benki za miezi mingi.

Kwa nini nasema nenda

Pamoja na yote hayo, Kigali ilinipa vitu. Nilikaa karibu na Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kinasikika tangu zamani, na tangu 2017 ni miongoni mwa lugha rasmi za nchi. Nilizoea magari kupita kulia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilitoka na majirani kwenye umuganda, tukasafisha mitaro, na huko ndiko nilikopata mteja wangu wa kwanza wa Kinyarwanda. Tafsiri yangu iliimarika kwa sababu nilisikia Kiswahili kingine kikizungumzwa na watu ambao si wa pwani.

Nikimaliza uzamili nitarudi. Safari hii nimeshaandika barua ya kuulizia kibali, nimefungua folda ya ankara, na nina akiba ya miezi 2. Nasubiri ifike 3.

Yule mdogo wangu nilikutana naye tena juzi. Nilimuuliza pasipoti anayo. Akacheka. Nikamuuliza hizo dola 400 zilipita wapi na karatasi yake iko wapi. Hakucheka tena. Alitoa simu akaanza kuandika orodha.