Mawaziri waliondoka, ankara ya Richmond ikabaki

MFANYABIASHARA wa mahindi na maharage wa Daudi, wilayani Mbulu, anaweza kuona sakata la Richmond kuwa ni habari ya wanasiasa wa Dodoma na Dar es Salaam. Lakini saruji anayojengea ghala, bati analoezekea na soda anayouza dukani vyote hutengenezwa kwa umeme. Mwenye kiwanda akiuziwa umeme kwa bei ya juu, gharama hiyo hupandishwa kwenye lori pamoja na bidhaa hadi Mbulu.

Hali kadhalika kwa mwekezaji mdogo. Aliyenunua hisa za kampuni ya saruji ya Twiga, iliyoingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2006, anajua kuwa umeme ukipanda au ukikatika, gawio hupungua.

Mwaka huo huo wa 2006 ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya kufua umeme, likiwemo Mtera, na nchi ikaingia katika mgawo. Serikali ilitafuta mitambo ya dharura ya megawati 100. Juni 23, 2006, TANESCO ilitiliana saini mkataba wa miaka miwili na Richmond Development Company LLC ya Houston, Texas.

Mitambo haikufika kwa wakati. Mwishoni mwa mwaka mvua zilirudi, na Desemba mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Kwa mujibu wa masharti yake, TANESCO ilipaswa kulipa takriban shilingi milioni 152 kwa siku kwa ajili ya mitambo kuwepo tu, iwe inawaka au imezimwa. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 4.5, kabla ya kununua gesi ya kuiendesha.

Majibu ya wakubwa

Jibu la kwanza lilikuja mwaka 2007. Taasisi ya kupambana na rushwa, iliyoongozwa na Edward Hosea, ilieleza kuwa haikuona rushwa katika mkataba huo. Wabunge hawakuridhika. Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule ya watu watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, Mbunge wa Kyela.

Ripoti ilisomwa bungeni Februari 6, 2008. Kamati ilisema Richmond haikuwa na fedha, utaalamu wala uzoefu wa kazi hiyo, na kwamba wakubwa serikalini waliibeba.

Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alitangaza kujiuzulu. Hakukubali tuhuma. Alilalamika kuwa Kamati haikumwita kumhoji, na akadai kuwa kilichokuwa kikitafutwa ni kiti chake cha uwaziri mkuu. Nazir Karamagi, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, na Dk. Ibrahim Msabaha, aliyemtangulia katika wizara hiyo, nao waliondoka. Dk. Msabaha alijiita bangusilo, yaani mtu anayebebeshwa mzigo wa wengine. Rais Jakaya Kikwete alivunja Baraza la Mawaziri na kumteua Mizengo Pinda kuwa Waziri Mkuu.

Lowassa hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa suala hilo. Aligombea urais mwaka 2015 kwa tiketi ya CHADEMA akashindwa, na alifariki dunia Februari 2024. Hosea alibaki katika nafasi yake hadi alipoondolewa na Rais John Magufuli mwaka 2015.

Ukiyapanga majibu hayo kama mizigo kwenye mzani, utaona jambo moja. Mmoja alijibu juu ya utaratibu wa Kamati, mwingine juu ya kubebeshwa lawama, na taasisi ilijibu juu ya rushwa. Swali la mnunuzi lilibaki palepale: nani alithibitisha kuwa muuzaji huyu ana mitambo, na ana fedha za kuileta?

Deni halijiuzulu

Wengi walidhani kuondoka kwa mawaziri kumemaliza jambo. Mkataba haukuondoka nao. TANESCO iliuvunja Agosti 2008, miezi sita baadaye. Dowans ilikwenda kwenye mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ya wafanyabiashara, ICC, na Novemba 2010 ikashinda. TANESCO iliamriwa kulipa zaidi ya dola za Marekani milioni 65, na riba ikaendelea kuhesabiwa.

Mwaka 2011 mgawo ulikuwa umerudi. Mitambo ile ile ya Ubungo ilinunuliwa na Symbion Power ya Marekani, na TANESCO ikaanza tena kununua umeme wake.

Mfanyabiashara anayafahamu haya bila kusomewa sheria. Ukimtuma kijana kununua ng'ombe mnadani akakubali bei mbele ya mashahidi, kumfukuza kazi hakufuti deni la mwenye ng'ombe. Dawa ni kumchunguza muuzaji kabla ya kupeana mikono.

Sheria ya Ununuzi wa Umma imeandikwa upya mara mbili tangu wakati huo, mwaka 2011 na mwaka 2023, na sasa zabuni hupitia mfumo wa kompyuta wa NeST. Mzabuni mdogo wa Mbulu anayetaka kuipelekea halmashauri madawati au chakula cha shule naye hupita humo. Mfumo huo unasaidia kuonyesha nani ameomba na nani amepewa, lakini kukagua uwezo wa muuzaji bado ni kazi ya watu.

Kwa hiyo tuhuma za zabuni kubwa zinapotangazwa tena, msomaji wa ukurasa huu asiangalie tu nani ameacha kiti. Aulize malipo yanaanza lini, yanalipwa kwa kazi gani, mkataba unaweza kuhamishiwa nani, na kuuvunja kutagharimu kiasi gani. Kiongozi anayejibu hayo manne amejibu. Anayezungumzia heshima yake peke yake bado anadaiwa jibu, na ankara itaendelea kuja kwa wateja wa umeme.