Nani Anayekumbuka? Urejeshi wa Mhusika katika Tamthilia za Televisheni Zitokanazo na Michezo ya Video

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza mbinu moja ya usimulizi ambayo wanafunzi wetu wanaifahamu kwa jina kuliko wanavyoifahamu kwa kazi yake, yaani mbinu rejeshi, au kisengerenyuma kama wengine wanavyopendelea kuiita. Tutaichunguza mahali ambapo wengi wetu tusingetazamia kuitafuta: katika tamthilia za televisheni ambazo asili yake ni michezo ya video. Huenda msomaji akajiuliza jarida la lugha za Kiafrika lina haja gani na michezo ya vijana. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, vijana tunaowafundisha riwaya asubuhi hapa Eldoret ndio hao hao wanaocheza michezo hii na kuzitazama tamthilia hizi jioni, na kwao ndimo wanamokutana na masimulizi marefu kwa hiari yao wenyewe. Pili, tamthilia hizi zinampa mhakiki nafasi iliyo adimu. Kisa kile kile kimesimuliwa mara mbili: mara ya kwanza kwa mtu anayeushika mwenendo wa mhusika mikononi mwake, mara ya pili kwa mtu aliyeketi akitazama tu. Kwa kuyalinganisha masimulizi hayo mawili tunaweza kuuona urejeshi ukifanya kazi, na kuipima kazi hiyo.

Dai letu ni kwamba kutaja kuwa utungo fulani una kisengerenyuma si uhakiki bado. Uhakiki unaanza pale tunapouliza maswali matatu: Nani anayekumbuka? Nani anayejulishwa? Na kwa nini ajulishwe wakati huo, wala si kabla yake wala baada yake?

2. Njia tatu za kuleta yaliyopita

Kabla ya kuendelea, ni vyema tutenganishe mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Mtunzi anayetaka kutuonyesha maisha ya awali ya mhusika ana njia tatu hivi.

Njia ya kwanza ni kuanza na hayo ya awali. Tamthilia ya katuni iitwayo Arcane, iliyotolewa na Netflix mwaka 2021 kutokana na mchezo League of Legends wa mwaka 2009, inatumia vipindi vyake vitatu vya mwanzo kueleza utoto wa ndugu wawili wa kike, Vi na Powder, kisha inaruka miaka kadhaa na kuwaonyesha wakiwa watu wazima na mahasimu. Hapa hakuna urejeshi hata kidogo. Kuna utangulizi mrefu. Ndivyo alivyofanya pia Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971), ambapo tunauona kwanza ukali wa baba, na matokeo yake yanafuata.

Njia ya pili ni kudondoa yaliyopita kidogo kidogo. Katika Fallout, iliyoanza kuonyeshwa na Amazon mwaka 2024 kutokana na michezo ambayo wa kwanza wake ulitoka mwaka 1997, tunakutana na mwindaji katili aliyeharibika uso kwa mnururisho wa mabomu ya nyuklia. Matukio yanatendeka mwaka 2296, lakini kila baada ya muda tunarudishwa hadi kabla ya mabomu ya mwaka 2077, wakati mtu huyo alipokuwa Cooper Howard, mwigizaji wa sinema mwenye mke na binti.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha makala haya, ni kuusimamisha mwendo wa kisa na kumtengea mhusika kipindi kizima, au karibu kizima, cha maisha yake ya nyuma. Njia hii tutaiita kipindi rejeshi. Mfano wake bora, kwa maoni yetu, ni tamthilia ya The Last of Us.

3. Kisa chenyewe kwa ufupi

Mchezo wa The Last of Us ulitungwa na kampuni ya Naughty Dog ya Marekani na kutolewa mwaka 2013. Sehemu fupi ya nyongeza, Left Behind, ilifuata mwaka 2014, na sehemu ya pili ya mchezo mwaka 2020. Tamthilia ilianza kuonyeshwa na HBO mwezi Januari 2023, ikiongozwa na Craig Mazin pamoja na Neil Druckmann, ambaye ni mmoja wa watungaji wakuu wa mchezo wenyewe. Msimu wa pili ulifuata mwaka 2025.

Kisa chasema kwamba ugonjwa wa kuvu umeiangamiza dunia. Joel, aliyempoteza binti yake siku ya kwanza ya msiba huo, anapewa kazi ya kumsafirisha Ellie, msichana wa miaka kumi na minne ambaye ugonjwa haumshiki. Madaktari wanapotaka kumpasua ili wapate dawa, jambo ambalo lingemuua, Joel anamuua daktari na kumwokoa msichana, kisha anamdanganya kuhusu yaliyotokea. Katika sehemu ya pili Joel anauawa na Abby, binti wa daktari aliyeuawa, na Ellie anasafiri hadi Seattle kulipa kisasi.

4. Mchezaji kama hadhira inayojibu

Ni dhahiri kwamba mchezaji si msomaji wala si mtazamaji. Yeye anafanana zaidi na hadhira ya ngano zetu. Mtambaji anaposema “Paukwa!”, ngano haiendi mpaka hadhira ijibu “Pakawa!”. Kadhalika, mhusika wa mchezo hapigi hatua mpaka mchezaji abonyeze.

Left Behind ina tukio linalodhihirisha jambo hili kwa namna ya pekee. Ellie na rafiki yake Riley wamejipenyeza katika jengo kubwa la maduka lililoachwa mahame. Wanaikuta mashine ya mchezo wa kupigana, lakini imeharibika. Kioo chake ni cheusi. Riley anamwambia Ellie afumbe macho, kisha anamsimulia pambano kwa maneno, na mchezaji anabonyeza vitufe kama anavyoamriwa. Hapa teknolojia ya kisasa imerudi kwenye sanaa kongwe kupita zote: mtambaji mmoja, msikilizaji mmoja, na giza.

Katika kipindi cha saba cha msimu wa kwanza, chenye jina lile lile la Left Behind, mashine ile inafanya kazi. Wasichana wanacheza Mortal Kombat II, na sisi tunawatazama wakicheza. Watungaji walijua kuwa mtazamaji hana kitufe cha kubonyeza. Kumwomba afumbe macho na “kujibu” kungekuwa kumwita asiyeweza kuitika. Badala ya kushiriki kwa mikono, amepewa nyuso: mwanga wa mashine ukiwamulika wasichana wawili ambao mmoja wao, kama tunavyokwisha kujua, hatatoka salama. Kile ambacho mchezo ulikipata kwa kitendo, tamthilia inakitafuta kwa maarifa ya mtazamaji.

5. Nani anayekumbuka?

Tukilinganisha vipindi rejeshi vitatu vya tamthilia hii, tunaona kuwa jina moja la mbinu linafunika mambo matatu tofauti.

Katika Left Behind anayekumbuka ni Ellie. Joel amejeruhiwa, na Ellie yuko njia panda: amwache au abaki? Kumbukumbu ya Riley, ambaye waliumwa pamoja na wakakubaliana kutoachana mapema, ndiyo inayompa jibu. Anarudi na sindano na uzi, akamshona jeraha. Urejeshi huu una sababu ndani ya nafsi ya mhusika, nao unazaa tendo.

Katika kipindi cha tatu, Long, Long Time, hakuna anayekumbuka. Ni kisa cha Bill na Frank, wanaume wawili waliopendana na kuishi pamoja katika mji mtupu kuanzia mwaka 2007 hadi walipokufa pamoja mwaka 2023. Joel na Ellie wanafika wakati wenyewe wamekwisha kufa. Hawakuyaona tuliyoyaona, wala hawatayajua kamwe. Wanachopata ni barua ya Bill tu. Katika mchezo mambo yalikuwa kinyume: Bill yu hai, mpweke na mkali, na Frank amejinyonga baada ya kumkimbia, akiacha maandishi ya chuki. Mchezaji anaokota maandishi hayo na kuendelea na safari. Kwa hiyo tamthilia haikurefusha kisa tu, bali imekigeuza. Aliyejulishwa ni mtazamaji peke yake. Barua inapomwambia Joel kwamba watu wa namna yao wapo duniani ili kumlinda mtu fulani, yeye anasoma karatasi. Sisi tunasoma miaka kumi na sita.

Kipindi cha sita cha msimu wa pili, The Price, kina utata zaidi. Joel amekwisha kuuawa katika kipindi cha pili. Sasa tunapitishwa katika siku za kuzaliwa za Ellie: gitaa, matembezi ya jumba la makumbusho, kisha ugomvi na ukimya. Tungeweza kusema kuwa Ellie ndiye anayekumbuka, lau kipindi kisingefunguliwa kwa tukio la mwaka 1983, ambapo baba yake Joel, aliyepigwa na baba yake mwenyewe, anamtakia mwanawe awe mzazi bora kidogo kuliko yeye. Tukio hilo halimo katika mchezo, na Ellie hakuwapo. Baadaye Joel anamtakia Ellie jambo lile lile. Maneno yametembea vizazi vitatu, na anayeushika uzi wote ni msimulizi peke yake.

6. Kwa nini sasa?

Swali la tatu ndilo zito. Mazungumzo ya mwisho ya Joel na Ellie, wakiwa barazani usiku, yamo katika mchezo na katika tamthilia. Humo Ellie anasema kuwa angependa kujaribu kumsamehe Joel. Lakini katika mchezo wa mwaka 2020 mazungumzo hayo yamewekwa mwishoni kabisa, baada ya Ellie kumwachia Abby aende zake na kurudi kwenye nyumba tupu. Katika tamthilia yamehamishwa hadi kipindi cha sita, wakati kisasi bado hakijafikia mwisho wake.

Tofauti hii si ya mpangilio tu. Mchezaji ameua kwa vidole vyake mwenyewe saa nyingi, akiamini kuwa anamlipia kisasi mtu ambaye hawakupatana. Anapojulishwa mwishoni kwamba msamaha ulikuwa umekwisha kuanza, maarifa hayo yanamshitaki yeye. Mtazamaji hana la kushitakiwa, kwa kuwa hakuua mtu. Kwake, maarifa hayo yakichelewa yangekuwa habari tu. Yakija mapema yanakuwa mzigo anaoubeba akimtazama Ellie akizidi kupotea. Mtu anaweza kuteta, na si bila haki, kwamba kwa kufanya hivyo tamthilia imepoteza pigo la mwisho la mchezo. Hata hivyo, tukumbuke kuwa pigo lile lilitegemea mikono ya mchezaji, na mikono hiyo haiwezi kuhamishiwa kwenye televisheni.

7. Faida kwa ufundishaji wetu

Maswali haya yanatufaa tunaporudi kwenye fasihi yetu wenyewe. Tuchukue Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa riwaya teule katika shule za upili za Kenya. Riwaya inatufikisha kwa Ridhaa wakati nyumba yake imekwisha kuteketea, na jamaa zake pamoja nayo. Mengi ya yaliyotangulia tunayapata kwa njia ya kumbukumbu zake. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa ajili ya mtihani ataandika: “Mwandishi ametumia kisengerenyuma,” atanakili mfano, apate alama yake.

Lakini tukimuuliza nani anayekumbuka, atalazimika kuona kuwa Ridhaa mwenyewe ndiye, na kwamba kukumbuka kwake si mapambo ya msuko, bali ni mateso na ni ushahidi. Tukimuuliza kwa nini moto unatangulia na ujirani unafuata, ataona kuwa mwandishi ametunyima faraja ya kutojua. Kila ukarimu wa zamani tunausoma tukiwa tumekwisha kuyaona majivu. Katika mji huu wa Eldoret, ambao ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliugusa kwa uchungu mkubwa, hilo si swali la fani peke yake. Katika madarasa yetu wamo wanafunzi ambao jamaa zao wanayo masimulizi ya aina hii, na mara nyingi huyaanza kwa moto. Kumfundisha mwanafunzi kuuliza nani anakumbuka, na nani hakuwapo akaambiwa tu, ni kumfundisha kusikiliza kwa uangalifu.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa kipindi rejeshi katika tamthilia zitokanazo na michezo ya video si pumziko la kisa, kama inavyodhaniwa na watazamaji wenye haraka. Ndicho kinachojaribu kulipa deni ambalo televisheni inadaiwa na mchezo, yaani ushiriki wa mikono, na kinalilipa kwa kugawa maarifa: nani ajue, nani asijue, na lini. Tunapendekeza istilahi zetu zitenganishe walau urejeshi wa mhusika, ambao una mwenye kumbukumbu, na urejeshi wa msimulizi, ambao hauna. Wenzetu wakiona majina bora zaidi, tutayapokea kwa shukrani. Tunachosisitiza ni tofauti yenyewe, kwa sababu bila hiyo mwanafunzi ataendelea kuitaja mbinu bila kumwona anayekumbuka.