Anakoroma, Kisha Kimya

Hapa Mlali, kama kwingineko, mtu anayekoroma huchekwa. Asubuhi wajukuu humwigiza babu, na babu mwenyewe hucheka. Kukoroma peke yake mara nyingi si ugonjwa. Leo tunazungumzia kukoroma kwa namna nyingine: mtu anakoroma kwa nguvu, kisha ghafla kimya. Kifua na tumbo vinahangaika, lakini hewa haipiti. Halafu anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeopolewa majini, anageuka upande, na kuanza upya.

Huku ni kukatika pumzi usingizini, ambako madaktari hukuita apnia. Tukilala misuli hulegea, pamoja na ile ya ulimi na koo. Mwenye njia nyembamba ya hewa huzibwa kabisa. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, daktari huhesabu. Ikikatika mara 5 au zaidi kwa saa, kuna tatizo. Zikifika 30, hali ni mbaya. Kila mara oksijeni hupungua katika damu, ubongo humzindua mgonjwa kidogo ili apumue, na shinikizo la damu hupanda. Asubuhi hakumbuki lolote. Anachojua ni kwamba kichwa kinauma, mdomo umekauka, na mchana anasinzia hata katika mkutano wa kijiji.

Hapo ndipo penye shida. Akienda zahanati atalalamikia kichwa na uchovu, atapimwa malaria, atarudi na vidonge. Au atakutwa na presha, ameze dawa kila siku bila kukosa, na presha isishuke, huku akilaumiwa kuwa hamezi. Hakuna aliyemwuliza habari za usiku, na hata angeulizwa asingejua la kujibu. Shahidi ni yule anayelala naye. Kwa hiyo mama, fuatana na mzee wako, wala usione haya kumsema mbele ya daktari. Nanyi akina baba vivyo hivyo, kwani wanawake nao wanaugua, hasa waliokoma hedhi na wajawazito. Hesabu sekunde za ule ukimya, uzitaje. Ugonjwa huu ukiachwa huandamana na presha, maradhi ya moyo na kiharusi.

Wako wanaosema kwamba anayeamka akikabwa koo amekaliwa na jinamizi au amelogwa. Wengine hukimbilia kukata kimeo. Tunawasihi wasifanye hivyo: wembe wa kienyeji huleta damu nyingi na vidonda vyenye usaha, na njia ya hewa hubaki ilivyokuwa.

Tunawafikiria pia madereva wa malori wanaopakia mahindi pale Kibaigwa na kushika barabara ya Morogoro usiku. Dereva mwenye ugonjwa huu anaweza kulala saa nane na bado akasinzia kwenye usukani. Kahawa haimsaidii kwa muda mrefu.

Wanene ndio walio hatarini zaidi. Chukua futi ya fundi cherehani upime shingo: ikizidi sentimita 43 kwa mwanamume au 41 kwa mwanamke, jihadhari. Lakini msidhani ni ugonjwa wa matajiri. Mtu mwembamba mwenye taya dogo naye huupata. Makadirio ya wataalamu yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kuwa watu wazima milioni 936 duniani, wa miaka 30 hadi 69, wanao.

Kwa watoto sababu kubwa ni mafindo ya koo na nyama za nyuma ya pua zilizovimba. Mtoto hulala mdomo wazi, shingo ameipinda nyuma, mbavu zikibonyea. Huenda akakojoa kitandani, asikue vizuri, akachapwa shuleni kwa uzembe. Huyu apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mara nyingi upasuaji humponya.

Mtu mzima aanze na yasiyo na gharama. Alale ubavu; mfuko wenye kitambaa kilichoviringishwa, ukishonwa mgongoni mwa fulana, humzuia kulala chali. Aache pombe ya jioni na dawa za usingizi za dukani, maana hulegeza koo zaidi. Mnene apunguze uzito. Kwa ugonjwa mkali ipo mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na kutangazwa mwaka 1981. Inafanya kazi vizuri, ila ni ghali na inataka umeme. Anzieni zahanati, mkaombe rufaa ya Kongwa au Dodoma mjini.

Jambo moja zaidi. Mwenye dalili hizi akipangiwa upasuaji wowote, hata wa ngiri, amweleze mapema mtaalamu wa dawa za usingizi, kwani dawa hizo zinaweza kuziba pumzi yake hata baada ya kutoka chumba cha upasuaji.